Pikipiki ya umeme porini: inveta inalia, chaja inazima, na umeme wa TANESCO uko mbali

*"Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni askari wa wanyamapori wa kijiji huku Simanjiro. Tuna pikipiki moja ya umeme ya njia za porini. Betri yake inachomoka, imeandikwa 60V 40Ah, na chaja imeandikwa 67.2V 10A. Tunatembea kama kilomita 40 kwa siku. Shida ni kuchaji, maana nguzo ya TANESCO iko kilomita 38 kutoka kambini. Tuna paneli mbili za wati 100, kontrola ya kawaida, betri ya N100 na inveta ya wati 1000. Tukichomeka chaja, inveta inalia kama dakika mbili halafu inazima. Kijana mmoja anasema tuongeze paneli mbili, tuziunge zote nne mfululizo na kuziingiza moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki, kwa kuwa zitatoa volti 72. Mwingine anasema tununue jenereta ndogo ya 950 tumalize kazi. Nani yuko sahihi, na tuanzie wapi?"*

Ndugu yangu, nzuri, na poleni na safari za kubeba betri. Kwa maelezo yako, inveta haijafa na chaja haina ubovu. Mmeubebesha mfumo wa taa na simu mzigo ambao haukutengenezewa. Vijana wenu wawili, mmoja anataka kuwaunguzia kambi na mwingine anataka kuwarudisha sheli. Nitawajibu wote, lakini kwanza tuone kinachotokea ndani ya zile dakika mbili.

Chaja ya 67.2V 10A inasukuma kama wati 620 hadi 670 ndani ya betri ya pikipiki. Yenyewe inapoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo kwenye soketi inavuta karibu wati 750. Inveta nayo inapoteza kama asilimia 12, ndiyo maana upande wa betri ya N100 inadai wati 850. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea zaidi ya 70. Betri ya N100 ni betri ya kuwashia Fuso: bamba zake nyembamba zimetengenezwa kutoa mkupuo mkubwa wa sekunde chache, kisha injini iichaji tena. Ukiivuta ampea 70 mfululizo, zile Ah 100 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) zilizoandikwa ubavuni hazipatikani, kwa sababu zilipimwa kwa kuvuta ampea 5 tu kwa saa 20. Kwa mvuto wenu utapata karibu nusu yake, na volti zinaporomoka tangu mwanzo.

Halafu kuna waya, ambao watu wengi hawauangalii. Kama mmetumia waya wa milimita 6 na inveta iko mita 2 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 4 kwenda na kurudi, na kwa ampea 75 mnapoteza karibu volti 0.9 njiani. Mnaweza kuliona jambo hili kwa macho. Washeni chaja, wekeni mita kwenye vichwa vya betri, someni. Kisha hamisheni zile pini kwenye skrubu za inveta, someni tena. Betri ikisema 11.4 na inveta ikisema 10.5, ile tofauti inapasha waya moto, na mkiushika mtausikia una vuguvugu. Inveta za volti 12 kwa kawaida huanza kulia zikifika 11 au chini kidogo, na huzima kwenye 10.5 au 10. Ikishazima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, mnadhani betri ni nzima, mnawasha tena. Kila mkirudia mchezo huo mnaipunguzia N100 maisha.

Jambo la tatu ni ile "1000" iliyoandikwa kwenye inveta. Kwenye inveta nyingi za bei ndogo hiyo ni nguvu ya sekunde chache. Ya kudumu ni 500 au 600. Isitoshe, chaja za bei nafuu hazivuti umeme kwa utulivu, zinaunywa kwa mikupuo kwenye kilele cha kila wimbi. Chaja ya wati 750 ya aina hiyo inaweza kudai VA 1,200 (volti mara ampea, bila kujali mikupuo) kutoka kwenye inveta au jenereta. Ndiyo maana hesabu ya wati peke yake huwadanganya watu dukani.

Hata mkibadilisha waya na inveta, nishati yenyewe haitoshi. Betri ya pikipiki inabeba 60 mara 40, yaani Wh 2,400 (wati-saa, kipimo cha nishati). Kwa Simanjiro tuhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku. Paneli ya wati 100 ikipigwa na jua haitoi 100 muda wote. Joto, vumbi na waya vinakula kama robo. Paneli zenu mbili zinawapa Wh 750 kwa siku. Toa asilimia 20 inayopotea ndani ya betri ya asidi, toa ya inveta, toa ya chaja, zinabaki kama Wh 475 zinazofika kwenye pikipiki. Hiyo ni sehemu moja ya tano ya betri. Kwa vifaa mlivyonavyo, pikipiki ingetembea siku moja na kupumzika nne.

Sasa huyu kijana wa paneli nne. Hesabu yake ya volti 72 ni sahihi, lakini ni nusu ya hesabu. Paneli ya wati 100 hutoa kama volti 18 ikiwa kazini, na karibu 22 ikiwa haivutwi na kitu. Nne zikiungwa mfululizo zinafika 72 kazini na 88 zikiwa tupu. Betri yenu ina seli 16 zilizopangwa mfululizo, na kila seli mwisho wake ni volti 4.2, jumla 67.2. Chaja inalijua hilo: inasukuma ampea 10 hadi volti zifike 67.2, kisha inashikilia hapo na kupunguza ampea taratibu mpaka zikaribie sifuri. Paneli hazijui kitu. Zitaendelea kusukuma kadiri jua linavyowaka.

Najua atasema, "Si kuna BMS ndani, itakata." Ni kweli, BMS, ile saketi ya kulinda seli ndani ya betri, hukata seli zikizidi kiwango. Lakini BMS ni mlinzi wa mwisho, haikuwekwa kufanya kazi ya chaja kila siku. Ikikata, swichi zake ndogo za ndani zinabaki zimezuia umeme wa paneli wa volti 88, na kama zilitengenezwa kwa volti chache zaidi, zitaungua. Ubaya ni kwamba swichi za aina hiyo zikiungua, mara nyingi hubaki zimeacha njia wazi, umeme unapita moja kwa moja na hakuna wa kuuzuia. Seli ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi hupata joto, huvimba, na ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya mchanga. Msifanye. Na wala msijaribu "kwa nusu saa tu".

Jenereta ya 950 nayo, ile ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili, uwezo wake wa kudumu ni kama wati 650. Chaja yenu inataka 750, tena kwa mikupuo. Itanguruma, volti zitayumba, na chaja itazima au itaungua. Jenereta inayofaa ni ya aina ya inveta, ya kVA 2, inayotoa wati 1,600 za kudumu. Lakini tuseme ukweli kuhusu mafuta. Kujaza betri moja kunahitaji kama Wh 2,700 kwenye soketi, na jenereta ndogo itachoma lita 1.2 hadi 1.8 kwa kazi hiyo. Pikipiki ya petroli ya cc 125 ingewatembeza kilomita zilezile kwa mafuta hayohayo, au pungufu. Jenereta ina nafasi yake katika wiki za masika, wingu likikaa siku nne. Nje ya hapo mnanunua petroli ili mchaji umeme, na sioni faida yake.

Kabla ya kununua chochote, angalieni ratiba yenu. Pikipiki ikitoka saa 2 asubuhi na kurudi saa 12 jioni, betri inakuwa njiani saa zote za jua na inafika kambini giza likiingia. Ndiyo maana watu hununua betri kubwa ya kuhifadhi jua la mchana ili waihamishie kwenye pikipiki usiku. Mnahifadhi mara mbili na kupoteza mara mbili. Ushauri wangu ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye betri ya pili ya pikipiki. Moja iko porini, nyingine iko kambini inachajiwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kesho mnabadilishana. Kama bajeti hairuhusu, hamisheni doria ziwe alfajiri na jioni, pikipiki ilale kivulini mchana na ichajiwe hapo. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, jua linaingia moja kwa moja kwenye betri itakayowabeba.

Kwa kikundi chenye watu wengi wanaoshika vifaa, ningechagua mfumo unaotumia chaja yenu ya asili, kwa sababu haugusi kitu kwenye pikipiki na yeyote anaweza kuchomeka. Unahitaji paneli za jumla ya wati 1,200, kwa mfano tatu za 400. Kontrola ya MPPT, yaani ile inayotafuta yenyewe volti ambazo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi, ya ampea 50 au 60 kwa mfumo wa volti 24. Betri moja ya lithiamu-chuma-fosfeti ya 25.6V 100Ah, na inveta ya wati 2,000 au zaidi, iwe imeandikwa "pure sine wave". Katikati ya mchana paneli hizo zitatoa kama wati 900, na chaja pamoja na upotevu wa inveta inataka kama 830. Maana yake betri ya 24V haibebi mzigo, inaziba tu pengo wingu likipita. Kwa siku mtapata Wh 3,600 zinazofika kwenye chaja na kuingia, yaani betri ya pikipiki nzima na akiba ya taa, simu na redio za upepo. Volti 24 inapunguza ampea kwa nusu. Ile 70 inakuwa karibu 33. Hata hivyo, waya wa betri kwenda inveta uwe wa milimita 25, mfupi, na fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha betri.

Msiuze zile paneli za 100. Ila msiziunge pamoja na za 400 kwenye kontrola moja. Volti zao hazilingani na zitavuta kubwa chini. Ziacheni na N100 yake kwa taa.

Njia ya pili ni nyepesi na ina upotevu mdogo zaidi: kontrola ya MPPT ya kupandisha volti, inayopokea umeme wa paneli kwa volti 30 na kitu na kuutoa kwa volti za betri ya pikipiki bila inveta. Paneli mbili za wati 300 zinatosha kuingiza kama Wh 2,100 kwa siku. Hapa kuna mitego. Kontrola ya kupandisha inataka volti za paneli ziwe chini ya za betri, kwa hiyo paneli msiziunge mfululizo. Mimi napendelea kontrola moja kwa kila paneli, matokeo yao yaungwe sambamba kuelekea betri. Moja ikifa mnabaki na nusu ya kazi. Kila moja iwekewe kikomo cha ampea 5 na volti 65.6. Nasema 65.6, si 67.2, kwa makusudi: mtakosa kama asilimia 10 ya mwisho, lakini seli zitadumu zaidi na mna nafasi kama kontrola ina kosa dogo. Mara moja kwa wiki mbili mjaze hadi mwisho kwa chaja ya asili, ili BMS isawazishe seli.

Zimeni kabisa kipengele cha kusawazisha cha betri za asidi na kile cha kushikilia chaji muda wote, lithiamu haivihitaji. Utaratibu wa kuunga ni betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kuchomoa, paneli kwanza. Mkigeuza, kontrola nyingi hupandisha volti ghafla na kuungua. Fyuzi ziwe za DC (umeme wa betri na paneli) za volti 100 au zaidi. Zile bapa za magari ni za volti 32. Kwa volti 65 waya ukikatika ndani cheche inaendelea kuruka na fyuzi haizimi kitu. Na mhakikishe aina ya betri. Yenu chaja inasema 67.2, hiyo ni seli 16 za volti 4.2. Kuna betri nyingine za "60V" za lithiamu-chuma-fosfeti zenye seli 20, ambazo hujaa kwenye 73. Kibandiko cha chaja ndicho cha kuaminiwa. Baadhi ya betri, mbali na pini mbili nene, zina pini nyembamba za kuongea na chaja. Hizo msizichezee kwa kontrola ya nje. Na kwa njia hii waranti huenda ikafa, mlijue hilo mapema.

Kama mnataka nafuu wiki hii, tafuteni chaja ndogo ya 67.2V 3A. Inavuta kama wati 225 kwenye soketi, inveta yenu itaibeba bila kulia. Mtapata zile Wh 475 kwa siku, kama kilomita 10, lakini hamtaua vifaa. Chaja hiyohiyo itawafaa kwenye Land Cruiser: inveta ya wati 300 ifungwe moja kwa moja kwenye betri ya gari, injini ikiwa inaunguruma, maana soketi ya kiberiti haibebi ampea 20. Saa 4 za safari zinaingiza karibu Wh 800.

Kilomita 40 zenu zitakula kiasi gani? Kwa njia ya vumbi iliyoshikana na mwendo wa kawaida, hesabuni Wh 40 hadi 50 kwa kilomita, yaani 1,600 hadi 2,000. Mchanga wa korongo, abiria wa nyuma au mwendo wa kasi vinapandisha. Pimeni wenyewe kwa kuweka kipimo cha Wh kati ya soketi na chaja kwa siku tano, mtapata namba yenu.

Kuhusu kufunga paneli: Simanjiro iko kusini kidogo mwa ikweta, ziinamisheni nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini. Jua litazipata, na mvua itaosha vumbi badala ya kulituamisha. Ziinueni juu kuliko kifua cha mtu, kwa sababu mbuzi atapanda kitu chochote kilicholala. Ua wa miiba ni mzuri, ila kivuli cha tawi moja la mgunga kinaweza kuondoa theluthi ya paneli. Futeni kwa maji na kitambaa laini asubuhi, paneli zikiwa baridi.

Betri isichajiwe chini ya bati mchana. Pikipiki ikirudi, iacheni ipoe nusu saa hadi dakika 45 kivulini. Seli zisichajiwe zikiwa zaidi ya nyuzi joto 45. Kama huwezi kuweka kiganja juu ya betri na kukiacha hapo, subiri. Mahali pa kuchajia pawe na sakafu ya saruji au udongo mtupu, mbali na nyasi na mapipa ya mafuta, na pasiwe chumba cha kulala.

Mfumo wa inveta ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hasa sehemu ya waya wa ardhini na fyuzi. Betri ya pikipiki msiifungue wenyewe. Volti 67 na spana ikiangukia ndani inayeyuka mkononi. Mtafuteni fundi wa betri za lithiamu mkiona imevimba, ina harufu tamu kama ya thina ya rangi, imezama mtoni, chaja inageuka kijani mapema wakati kilomita zimepungua ghafla, au upande mmoja una joto kuliko mwingine. Arusha wapo mafundi wanaogeuza magari ya utalii kuwa ya umeme, na wana vifaa vya kupima seli mojamoja. Ikiwa imevimba au inanuka, msiipakie ndani ya gari pamoja na watu. Iwekeni nje mita 10 kutoka kwenye nyumba, na mpigieni fundi aje yeye.